Mafua yakipona siku ya saba, tusiipe tangawizi sifa zote

Mhariri,

Pepo za kusi zikishaleta mvua na baridi ya Juni, kila baraza la Mombasa huwa na tabibu wake wa mafua. Huyu anaapa kwa tangawizi na ndimu, yule kwa habasoda, mwingine anakutuma kemisti. Wote wana ushahidi: walitumia, wakapona. Lakini mafua huwa makali siku ya pili au ya tatu, na ndipo mtu anapohangaika kutafuta dawa. Baada ya hapo yangepungua hata kama angekunywa maji matupu. Virusi vinavyoleta mafua ni zaidi ya 200, na dukani hakuna dawa ya kuviua. Cha kuuliza ni ipi inayopunguza adha bila kuongeza balaa.

Asali ndiyo yenye hoja nzuri kuliko zote, hasa kwa kikohozi cha usiku. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 apewe nusu kijiko cha chai kabla ya kulala, wa miaka 6 hadi 11 kijiko kimoja, mkubwa viwili. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asionjeshwe kabisa, hata bibi yake akisisitiza vipi. Asali huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia zisichipue, na sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Tangawizi ya moto huliwaza koo. Kinywaji chochote cha moto humfanya mgonjwa ajisikie pua imefunguka, ingawa hewa inayopita ikipimwa haionekani kuongezeka. Ndimu ni ladha tu: moja haifikishi miligramu 30 za vitamini C, ilhali waliofaidika walimeza 200 au zaidi kila siku, tena kabla ya kuugua, na faida yenyewe kwa mtu mzima ni kama nusu siku. Kuianza vitamini hiyo pua ikishachuruzika hakujaonyesha tija. Habasoda na kitunguu thaumu bado havijathibitishwa kwa mafua. Kwa kiasi cha mapishi havina ubaya.

Kujifukiza kunanitia wasiwasi zaidi. Majaribio hayajaonyesha kwamba mvuke unafupisha mafua, lakini majeraha yake yanajulikana: sufuria iliyotoka jikoni inawekwa kitandani, mtoto anafunikwa leso, anapiga teke. Maji yaliyotoka kuchemka huunguza ngozi kwa sekunde moja. Anayependa mvuke na ainamie kikombe juu ya meza, mtoto akiwa mbali. Zile dawa za kuchua zenye kafuri na mentholi hudanganya neva za pua zihisi ubaridi. Zipakwe kifuani, zisitiwe puani, na asipakwe mtoto wa chini ya miaka 2.

Pua iliyoziba husaidiwa na maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250 cha maji yaliyochemka dakika moja na kupoa. Maji ya kisima, hata yakiwa na chumvi yake kama mengi ya kisiwani, hayafai. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa, yenye amiba, kijidudu kinachopenya puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini kuchemsha hakugharimu kitu.

Sasa vidonge. Vile vya mchanganyiko kwa kawaida vina paracetamol, dawa ya kukausha kamasi inayoleta usingizi (dereva wa matatu au bodaboda asiiguse), na mara nyingi fenilefrini ya kufungua pua. Septemba 2023 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani lilikubaliana kwamba fenilefrini ya kumeza haifungui pua, kwa kuwa nyingi huvunjwavunjwa tumboni na kwenye ini kabla ya kufika inakotakiwa. Hapo unapoteza pesa tu. Hatari iko kwenye paracetamol: mtu anameza viwili vya mafua, anaongeza viwili vya kichwa, jioni anakoroga pakiti ya unga wa limau, na vyote vitatu vina dawa ileile. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, kila mara visizidi viwili, na dozi zipishane kwa muda wa saa sita. Ini likiharibika halipigi kelele siku ya kwanza. Kupitia ukurasa wako, nawaomba wenye kemisti wanaouza vidonge kwa bahasha waandike juu yake jina la dawa na kiasi chake, badala ya "2x3" peke yake.

Amoksilini ni antibiotiki, huua bakteria si virusi, kwa hiyo haina kazi kwa mafua. Kamasi ya kijani hutokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana, si hati ya kununulia antibiotiki.

Na si kila joto la mwili hapa kwetu ni mafua. Homa kali yenye maumivu ya viungo na nyuma ya macho, bila kamasi, ipimwe malaria na dengi. Hadi majibu yatoke mgonjwa atumie paracetamol, asiguse aspirini wala ibuprofeni, zinazoweza kuzidisha kutoka damu ikiwa ni dengi. Mtoto anayekohoa ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: wa miezi 2 hadi 11 akifika 50, au wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Mfamasia,
Kisauni, Mombasa