Shoga yangu, panda ile meli ya zamani

Forest ya Zamani, Mbeya
Jumapili jioni

Shoga yangu,

Kamwene. Za huko Iringa na huo upepo wenu? Huku baridi imetukamata, mlima Loleza wenyewe hatujauona tangu Alhamisi, ukungu mtupu, nimekaa jikoni na jiko la mkaa miguuni kama bibi kizee. Ile voisi noti yako ya dakika saba nimeisikiliza mara mbili, mara ya kwanza nilikuwa nacheka tu (eti "meli ina bustani ndani, shoga, bustani!"), mara ya pili ndo nikasikiliza unachouliza. Nikaona hii siijibu kwa voisi, nikuandikie kama enzi zile tulivyokuwa tunaandikiana, maana nina mengi na bando langu linaisha saa sita usiku.

Kwanza hongera. Mtoto kakulia hapo Kihesa ukimfungia nywele kwa uzi, leo nesi Uingereza na anataka kumpeleka mama yake baharini kwa birthday ya miaka hamsini na tano, we unadhani wangapi wanapata hiyo? Sasa kakupa meli mbili za kitalii uchague: ile Icon of the Seas inayoanzia Miami, au Balmoral ya kuanzia Southampton kwenda Norway. Na wewe moyo umeshaenda Miami kwa sababu ya picha. Si nakujua.

Mi nakwambia chukua Balmoral. Na usiseme napenda vya zamani kwa sababu naishi Forest ya Zamani, hahaha, nisikilize kwanza, mikataba saba ya kazi nimefanya huko melini, minne kwenye meli ya zamani ya saizi ya kati, mitatu kwenye limeli jipya, zote natandika vitanda na kukunja mataulo yawe tembo. Kwa hiyo naongea kitu nimekifagia kwa mikono yangu.

Tuanze na ukubwa maana ndo umekuchanganya. Icon ina karibu mita 365 kwa urefu na deki 20, na ukubwa wake unaandikwa 248,663, ila hizo sio tani za uzito kama unavyofikiri, ni kipimo cha ujazo, yaani nafasi iliyomo ndani. Balmoral ni 43,537. Gawanya mwenyewe, Icon unaingiza Balmoral karibu sita. Watu sasa: Icon abiria 5,610 wakilala wawili wawili, ikijazwa mpaka vitanda vya juu vya watoto wanafika 7,600, na hapo wafanyakazi 2,350 hujawahesabu. Balmoral abiria kama 1,300 hivi. Yaani moja ni Kariakoo mkesha wa sikukuu, nyingine ni soko letu la Mwanjelwa siku ya Jumanne ambapo mama wa viazi anakujua na anakuwekea vile vyekundu pembeni.

Kwenye limeli langu jipya (jina naliacha, walinilipa vizuri sina ugomvi nao) nilikuwa nakutana na abiria siku ya kwanza, naangalia kadi ya mlangoni nimkariri jina, na mpaka anashuka siku ya saba hajanikumbuka na mi nishamsahau. Sio roho mbaya, ni wingi. Kila wiki wanashuka elfu tano wanapanda elfu tano siku hiyo hiyo, asubuhi unavua mashuka mchana unatandika, na mahali pa kufahamiana hakuna. Kuna mama mmoja nilimkuta koridoni analia, kachoka, katembea na fimbo yake dakika ishirini kumbe anaelekea mbele ya meli wakati chumba chake kiko nyuma. Yale makoridoni yanafanana kama mistari ya mahindi. Meli nyingine mpaka wanachora samaki kwenye kapeti, wote wanaogelea kuelekea mbele, ili mtu akipotea aangalie chini ajue uelekeo. Fikiria, uko likizo unasoma kapeti.

Kwenye ile ya zamani alikuwepo mzee mmoja Mwingereza, mjane, anapanda kila mwaka na anaomba chumba kilekile. Kila asubuhi saa kumi na mbili anazunguka deki ya nje na kofia yake ya sufu, ukimuona unajua chai iko tayari. Siku moja hakupita. Yule kijana Mfilipino anayesugua deki akamwambia boi wa baa, boi akaniambia mimi, nikagonga mlango kimya, nikafungua na ufunguo wangu nikamkuta kaanguka bafuni, nyonga imevunjika, yuko sakafuni tangu usiku. Akapona. Mwaka uliofuata akarudi na kifimbo, kaniletea chokoleti na blanketi alilofuma dada yake, lile ambalo ukija kwangu unajifunika. Kule kwa watu elfu saba nani angejua kofia ya sufu haijapita?

Na hiyo deki ya nje sasa ndo nataka uielewe kabisa, maana kwenye picha za intaneti hawaionyeshi. Meli za miaka ile zina deki ya kuzunguka meli nzima, mbele mpaka nyuma unarudi ulipoanzia, mara nyingi imetandikwa mbao za mitiki, hii hii tunayoijua sisi ya kupanda mashambani, imepauka kwa chumvi na jua mpaka imekuwa rangi ya majivu. Unatembea, kulia kwako ukuta wa meli, kushoto bahari yenyewe, iko karibu unaisikia, usiku ukiinama unaona povu jeupe linapita. Kuna viti vya mbao vya kujilaza, mtu anavuta blanketi analala na kitabu kifuani. Hakuna muziki shoga! Hakuna anayekuuzia kitu.

Meli mpya zimegeuka, zinaangalia ndani. Tangu ilipotoka Oasis of the Seas mwaka 2009 ndo walipasua meli katikati wakaweka bustani yenye miti ya kweli, na vyumba vinavyoangalia hiyo bustani. Maana yake unaweza kulipia chumba chenye balkoni, ukafungua pazia asubuhi ukamuona jirani wa ng'ambo anapiga mswaki. Uko katikati ya bahari! Mi nilikuwa namaliza siku nzima abiria hawajayaona maji, wametoka bafe wameingia miteremko ya maji ya kuteleza wameingia sinema wameingia dukani. Icon ina mabwawa 7 ya kuogelea na miteremko 6 ya maji, ukiwa na wajukuu wa miaka kumi sikukatazi hata kidogo, watoto wanafurahi mpaka wanaumwa. Ila we unaenda na binti yako, mnataka kukaa muongee. Mmekaa mbalimbali miaka sita.

Kingine ni njia. Meli ndogo inaingia pasipoingilika. Kuna mfereji Ujerumani unaitwa Kiel, unakata nchi toka bahari ya Kaskazini mpaka Baltiki, kilomita kama 98, madaraja yanapita juu kwa hiyo meli ikizidi mita 40 kwa kwenda juu hairuhusiwi, na urefu mwisho ni mita 235. Meli yangu ilikuwa inapita. Bosi wetu siku hiyo alitupa nusu saa tukatoke nje, basi nikaona ng'ombe wanakula majani pale pale, mama mmoja anaanika nguo akatupungia, mi nikampungia na kitambaa cha kufutia vumbi, nikalia kidogo maana ilikuwa kama napita Uyole kwa basi. Hilo la mita 365 litapita wapi? Linaenda bandari kubwa zilizojengewa, au kisiwa cha kampuni yenyewe, ambako hata mwuza nazi kaajiriwa nao. Norway mnayoenda nyinyi maji yanaingia katikati ya milima, kama Livingstone inavyosimama juu ya Nyasa ukiwa Matema, ila hapo milima iko pande zote mbili na theluji juu. Hiyo uione ukiwa nje umeshika ukingo na kikombe cha chai, tafadhali.

Sitakudanganya lakini. Meli ya zamani inazeeka kama sisi. Balkoni ni chache, vyumba vingi ni dirisha tu, na mwambie binti asichukue chumba cha nyuma kabisa, injini inatetemesha mpaka glasi ya maji inacheza, achukue katikati na deki za chini, huko mawimbi yanakubembeleza tu. Lifti inaweza kugoma. Mabomba usiku yanaongea. Eyakondisheni ya meli yangu ya kwanza ilikuwa na mambo mawili tu, baridi ya Makete au joto la Kyela, katikati hakuna. Na bahari ikichafuka utasikia zaidi kuliko kwenye limeli, beba vidonge vya kichefuchefu. Wenzio pia wengi watakuwa wazee, saa nne usiku baa imebaki na mpiga piano na paka wa taulo. Mi naona hiyo ni sifa, sijui wewe siku hizi, labda umeanza kucheza amapiano bila kuniambia.

Sasa hili ndo nilikuwa nalihifadhi. Unaikumbuka Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika? Ule mwaka 1993 tulipotoka Sumbawanga kwenye lori la maharage mpaka Kasanga, tukasubiri meli siku moja na nusu, tukapanda kwenda Kigoma kwenye harusi ya dada yako? Kila kijiji inasimama majini, hakuna gati, mitumbwi inakuja inajigonga ubavuni watu wanapandishwa na kuku na magunia ya dagaa, yule mama akatupitishia mtoto wake kwanza halafu yeye, tukamshika bila kumjua. Usiku tukalala nje juu ya deki chini ya shuka moja. Ulisema hujawahi kulala vizuri hivyo, usikatae, ulisema.

Liemba ilijengwa 1913 Ujerumani, mji wa Papenburg, kiwanda cha Meyer, ikaitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande ikaja kwenye masanduku elfu tano mpaka Dar, ikapandishwa treni mpaka Kigoma ikaungwa tena, ikashushwa majini 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe 1916 Waingereza wasiipate, Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Haya. Hiyo Balmoral yako nayo imezaliwa wapi? Papenburg, kwa Meyer hao hao, 1988, ikiwa na jina Crown Odyssey. Baadaye wakaipeleka Hamburg wakaikata katikati wakaichomekea kipande cha mita 30, ikatoka ndefu zaidi mwanzoni mwa 2008, kama fundi wa pale Mwanjelwa anavyorefusha bodi la Fuso. Na usije ukanishtaki kwamba nimeficha, Icon nayo ni ya ukoo huo huo, imetoka kwenye kiwanda cha Meyer cha Turku kule Finland. Kwa hiyo unachagua kati ya ndugu wa Liemba, mmoja anafanana naye tabia na mwingine kajenga ghorofa ishirini na haamkii watu.

Halafu zinaisha hizi. Mwaka 2020 korona iliposimamisha kila kitu makampuni yalizitoa za zamani kwanza, zikapelekwa Aliağa huko Uturuki, wanaziendesha mpaka zinapanda ufukweni halafu wanazikata. Carnival Fantasy ya 1990 ilienda hapo na dada zake wawili. Niliona picha kwenye simu, meli imepasuliwa mbele, vyumba vinaonekana kama masega, kwenye kimoja kitanda bado kipo. Nikazima simu nikaenda kupalilia. Kila chumba kile kuna mtu aliwahi kukitandika.

Mambo ya haraka haraka: Norway wanataka viza ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, binti aanze mapema sana, na ya Uingereza ni nyingine. Ukienda Icon ungeongeza ya Marekani, hesabu nauli na foleni ya ubalozini Dar. Kwenye chakula muulize nini kiko ndani ya bei, limeli jipya linapenda kukulipisha pembeni, mgahawa huu hela, ule hela. Mpe anayetandika chumba chako chochote siku ya mwisho, mkononi, na umwite kwa jina lake kuanzia siku ya kwanza, utaona chumba kitakavyokaa.

Na lile sweta langu la kijani ulilolivaa Liemba hukulirudisha, najua unalo, nililiona kwenye picha ya Pasaka. Sikudai tena. Panda nalo Balmoral, kule kwenye milima jioni kutakuwa na baridi kuliko Makambako, upige picha ukiwa kwenye deki ya nje, sio bafe, unitumie. Ukipita huku kabla ya safari uje na ulanzi, usiochacha sana safari hii.

Msalimie shemeji. Mwambie binti nampigia Jumamosi usiku ili nimwelekeze chumba cha kuchukua.

Wako,
Shoga yako wa Mbeya