Nasaha tumeshiba, tunaomba wino mwekundu

Mhariri,

Msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita kwamba waandishi chipukizi ni wavivu, hawasomi na wanakimbilia tuzo, kaninyima usingizi. Si kwamba kasema uongo mtupu. Mimi ni chipukizi (nina miaka 38, ila kwenye uandishi jina hilo halina umri), na tuzo naiota kama wenzangu. Nataka tu kumwonyesha tunapokwama, maana hapo hakupagusa.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Muheza, karibu na stendi. Mchana nachapa barua za kuomba kazi, kadi za mchango wa harusi, ratiba za mazishi. Saa mbili usiku naurudishia mlango nusu, naandika yangu mpaka luku ianze kulia. Nilianza Oktoba 2021, wiki ile Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Nobeli. Kwa siku tatu hivi stendi nzima ilipenda fasihi, hata kondakta mmoja aliyebisha asubuhi yote kwamba Gurnah ni beki. Siku ya nne yakarudi ya Simba na Yanga, nami nikabaki na kurasa zangu sita.

Kufika 2023 kurasa zilikuwa 214. Nikasikia kuna hafla ya vitabu Dar es Salaam, nikapanda basi alfajiri, nikashuka Mbezi, nikajikokota mpaka ukumbini na mswada ndani ya mfuko wa unga. Mezani alikuwepo mwandishi niliyemsoma tangu sekondari. Alihutubia vizuri: someni, msikate tamaa, lugha yetu ni tajiri. Tukapiga makofi. Baadaye tukapanga foleni ya kusainiwa vitabu. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Shikamoo, Mzee. Nina mswada wa riwaya." Akanitazama kwa upole kabisa. "Hongera, mwanangu. Soma sana." Aliyekuwa nyuma yangu akaambiwa vilevile. Simlaumu. Tulikuwa watu kama 70, na chupa yake ya maji walikuwa wameiweka mbali, kila mara akiitupia jicho. Lakini nauli ni nauli. Usiku ule nilijilaza kwa shangazi Mbagala nikiwaza kwamba neno nililosafiria, mwalimu wangu wa darasa la tano alishanipa bure.

Kilichonifaa siku ile kilitokea kwenye chakula. Nilikaa na dada mmoja mwenye vitabu vitatu sokoni. Riwaya yangu hakuiulizia hata kidogo. Aliniuliza, "Mchapishaji akikwambia mrabaha, yaani fungu lako kwa kila nakala inayouzwa, ni asilimia kumi, wewe utamuuliza nini?" Nikakodoa macho. "Muulize asilimia kumi ya nini. Ya bei ya dukani, au ya kile kinachobaki duka likishachukua chake?" Akavuta tishu, akapiga hesabu: kitabu cha shilingi 10,000, duka likichukua asilimia 40, mwandishi anapata 1,000 au anapata 600. Tishu ile nimeibandika ukutani juu ya mashine ya kopi. Wateja hudhani ni deni la mtu.

Miezi michache baadaye nilikwenda kwa mchapishaji mmoja. Nikaambiwa riwaya haiuziki mpaka iingie shuleni, na kama nina haraka nilipe shilingi 2,800,000 nitolewe nakala 500. Nikauliza maswali ya kwenye tishu. Yule kijana akafunga faili polepole, akaniuliza kama nimeshapata chai.

Sasa nifike kwa mtu aliyenifanya niandike barua hii. Ni mwalimu mstaafu, anaishi Ngamiani, Tanga mjini. Riwaya zake mbili zilitoka miaka ya 1980 na leo huzipati ila kwenye vitabu vya mtumba. Jina lake gazetini hataki. Mteja wangu mmoja aliyefundishwa naye ndiye aliyenipeleka.

Alinikaribisha barazani, akaletewa chai ya tangawizi, akachukua ukurasa wa kwanza akausoma kwa sauti. Nilikuwa nimeanza na jua: linachomoza kwa madaha mashariki, likiutandaza mwanga wake wa dhahabu juu ya mji uliosinzia. Akasimama hapohapo.

"Jua lichomoze lenyewe, mwanangu, halitaki kusaidiwa. Mtu yuko wapi?"

"Yuko ukurasa wa tatu, Mwalimu."

"Basi twende tukamfuate." Akafungua kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja kutoka juu hadi chini, akafunua karatasi, akapiga wa pili. Kazi ya miezi miwili, Mhariri, na chai haijapoa.

Ukurasa wa tatu kulikuwa na mchuuzi wa machungwa anayemwambia abiria, "Karibu sana, ndugu mteja, machungwa yangu ni matamu mno." Mwalimu akavua miwani. "Wewe si una duka stendi ya Muheza? Hivi ndivyo wanavyosema pale?" Nikaona aibu. Miaka yote hiyo sauti zile zinaingia dirishani kwangu, nami nikamwandikia mchuuzi maneno ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Kesho yake niliweka kiti nje, nikasikiliza. Basi la Dar lilisimama, kijana akapigapiga kioo: "Shangazi, matano buku! Ganda lisikutishe, ndani sukari! Toa buku, gari linaondoka hilo!" Nikaiandika nyuma ya risiti.

Mwalimu akanituma pia nikahesabu neno "ghafla". Kompyuta ikaniambia 63. Leo yamebaki mawili, na moja bado ananidai.

Nimekwenda kwake mara tisa. Mswada una kurasa 131. Hadithi yangu fupi moja imetoka kwenye mkusanyiko, malipo yake nakala mbili. Moja nimempa yeye, akairudisha na masahihisho matatu ya penseli.

Siku moja nilimuuliza yeye alifundishwa na nani. Akaingia ndani, akatoka na karatasi iliyopauka: hadithi yake ya kwanza, aliyoipeleka gazetini mwaka 1974. Iligomewa. Lakini mhariri asiyemjua aliirudisha kwa posta ikiwa imechorwa wino mwekundu kila aya, na pembeni kaandika, "Huyu mama analia kwa sababu gani? Sijaambiwa." Mwalimu kaitunza karatasi ile miaka 50.

Msomaji mwenzangu alimtaja Shaaban Robert kama mfano wa mtu aliyeandika bila kusubiri tuzo. Kweli, na ni mtu wetu wa Tanga. Alikuwa karani wa forodha, anaandika akitoka kazini. Lakini tusisahau kwamba mashairi yake yalikuwa yakitoka kwenye gazeti, Mambo Leo. Palikuwa na pahala pa kupeleka kazi, na upande wa pili palikuwa na mtu wa kuisoma.

Leo tunayo Tuzo ya Mwalimu Nyerere chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na tunayo Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Nashukuru zipo. Tatizo langu ni kwamba tuzo hupokea mswada ulioiva. Anayeuivisha nani? Nilipeleka wangu kwenye shindano moja ukiwa na yale majua yote na "ghafla" 63. Nilijibiwa kwamba sikuchaguliwa, nukta. Ningekwisha kama si ile baraza ya Ngamiani, na si kila wilaya ina baraza kama ile.

Kwa hiyo ombi langu ni kwako, Mhariri, wala si kwa waandishi wakubwa. Tupe nusu ukurasa kwa wiki ya hadithi fupi, na mtu mmoja mwenye kalamu nyekundu asiyeona haya kuitumia. Malipo tutaongea baadaye, hata hayo ya nakala mbili nimeshayazoea.

Naambatanisha hadithi ya maneno 1,200, ya yule mchuuzi wa machungwa. Si lazima itoke. Ikigomewa naomba irudi imechorwa. Bahasha yenye stempu na anwani yangu nimeiweka humo humo.

Mwenye duka la kuchapa,
Muheza, Tanga