Risala ya Klabu ya Afya kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Shule. Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe kwa kuacha majukumu yako ukaja kutusikiliza.

Mwaka huu klabu yetu imejifunza jinsi kinga ya mwili inavyopambana na saratani zinazoletwa na virusi. Tulichagua saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake nchini, na chanzo chake karibu mara zote ni kirusi cha HPV.

Bango la manila lililo ukutani limechorwa na Kidato cha Tatu. Kushoto ni seli T, zile chembe nyeupe za damu zinazokagua seli moja moja. Seli iliyovamiwa huonyesha vipande vya protini za kirusi kwenye utando wake wa nje. Seli T ikivitambua, huiua. Ndiyo maana wengi wanaoambukizwa HPV hupona ndani ya mwaka mmoja au miwili, pengine bila kujua kama waliugua.

Kulia ndiko kwenye kazi. HPV haisambai kwenye damu wala haipasui seli inamokaa, hivyo hakuna homa wala uvimbe wa kuwashtua askari wa mwili. Hata vile vipande vya kuitambulisha huvipunguza. Ikidumu miaka mingi, protini zake mbili huharibu ulinzi wa seli: E6 huiangamiza p53, E7 huizuia Rb, ambazo ni protini za mwili zinazozuia seli kugawanyika bila mpangilio, na seli hugawanyika ovyo. Kwa mwanamke mwenye VVU, ambaye seli T zake zimepungua, hatari ya saratani hii ni takriban mara 6 ya asiye na VVU.

Chanjo huuandaa mwili kutengeneza kingamwili mapema. Haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, kwa hiyo hutolewa utotoni. Tanzania ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto hazikosi. Wapo wazazi, na wengine tunao humu ukumbini, waliowazuia mabinti zao kwa kusikia kwamba chanjo inafunga kizazi. Si kweli, lakini hatuwalaumu sana: walipelekewa karatasi tu, hakuna aliyekaa nao akawaeleza. Nyingine ni hadubini. Tunayo moja, lenzi yake ina ukungu, na wa mwisho kwenye foleni hufikiwa kengele imeshalia.

Tunaomba hadubini mbili. Tunaomba pia muuguzi aje kwenye kikao cha wazazi kabla ya siku ya chanjo, ajibu maswali ana kwa ana, na mama zetu waliovuka umri wa chanjo wafanyiwe kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona dalili za awali za saratani, siku hiyo hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.