Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: muhuri hauioni dawa ya kupe

Assalamu aleikum wazee wetu, ndugu na dada zangu wa bucha.

Hesabu atawasomea mweka hazina. Ada zimeingia vizuri na deni la jokofu limekwisha, alhamdulillahi. Mimi nina jambo moja.

Wakati wa ukame mwenzetu alileta machinjioni mafahali watatu aliowanunua mnadani. Ngozi zilinuka dawa. Mfugaji alipopigiwa simu akasema aliwaogesha juzi yake, wasifike sokoni na kupe. Mkaguzi akapasua tezi, akatazama maini na moyo, hakuona ugonjwa. Nyama ikapigwa muhuri, ikaingia mjini. Nilikuwapo, nikanyamaza, na mpaka leo inanikera.

Mkaguzi simlaumu. Jicho na kisu hugundua tegu na kifua kikuu. Dawa haigunduliki ila maabara. Zile za zamani, kama DDT na dieldrini, hujikusanya kwenye mafuta ya mnyama zikakaa muda mrefu. Nyingi za siku hizi hutoka upesi zaidi, lakini hazitoki kwa usiku mmoja, ndiyo maana kwenye chupa huandikwa siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Wateja huniambia moto unamaliza kila kitu. Moto unaua vijidudu. Dawa iliyo kwenye mafuta hushuka na mafuta hayo kwenye supu, na supu tunawapa watoto na wazazi waliotoka kujifungua.

Josho si mlango pekee. Mwaka 1987 Marekani ilikuta DDT na dieldrini kwenye nyama ya ng'ombe kutoka Australia. Mwaka 1994, huko huko Australia, ng'ombe waliolishwa mabaki ya pamba wakati wa ukame walikutwa na klofluazuroni, dawa iliyopulizwa shambani kuua wadudu. Wafugaji wale walikuwa wanaokoa mifugo yao tu. Na sisi huku, majani yakikauka, ng'ombe hulishwa mabua ya mahindi, na mahindi yenyewe yamepulizwa dawa ya viwavijeshi.

Kwa hiyo kamati inaomba kila mwanachama, kabla hajatoa pesa, aulize: ameogeshwa lini, kwa dawa gani, amekula nini. Majibu yaandikwe. Siku zikiwa hazijatimia, mnyama akae bomani, na majani yake tunapendekeza yalipiwe na mfuko wa chama.

Najua wapo wanaosema mteja hatasubiri, atavuka barabara kwa jirani. Kwa siku chache huenda ikawa hivyo, na hasara hiyo tuigawane. Mteja wetu hutuuliza kama nyama imechinjwa kihalali, tukamjibu bila kusita. Akiuliza na hili la dawa, leo hatuna la kumwambia.

Madaftari yako mezani kwa katibu, moja kwa kila bucha. Mwenye pingamizi asimame sasa, kabla ya kura.