Vitabu Vyako Sijavigawa

Kitale, Jumapili jioni

Mwanangu Nekesa,

Hatujambo sote. Mvua imekuwa ya kutosha, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni, na nyanyako goti bado linamsumbua ila anajikaza kwenda kanisani. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu lile uliloniagiza mwezi jana sijalifanya, na kwenye simu ungenikatiza kabla sijajieleza.

Uliniambia nifungue sanduku lako la shule, nitoe zile riwaya, niwape watu. "Mama, hizo ni za watoto, na mimi nimeshakuwa mtu mzima." Basi nikachukua ufunguo pale kwenye msumari, nikafungua lile sanduku la bati lenye jina lako kwa rangi nyeupe. Bado linanukia sabuni ya kipande. Nikaketi kitandani mwako ili nivipange vitabu kwa ukubwa. Nikafunua cha juu kabisa nione tu kinaanzaje. Nyanyako aliponiita chai nilikuwa ukurasa wa 61, na nje giza limeshaingia.

Tangu siku hiyo nimesoma tisa. Nasomea dukani, kitabu nakiweka chini ya kaunta karibu na mizani; mtu akija kutaka mbolea ya CAN ya kukuzia mahindi nampimia, namrudishia chenji yake, narudi nilipoachia. Usiku nasoma mpaka macho yanawasha. Sijasoma hivi tangu nilipokuwa msichana, na nataka ujue jambo hili limenipataje, maana naona unakitupa kitu ambacho mimi ndio kwanza nimekirudia.

Kilichonishika ni kile cha Sunny, Akata Witch cha Nnedi Okorafor, kilichotoka mwaka 2011. Kwa jina lake nilitarajia uchawi mtupu. Sunny ana miaka 12, amezaliwa New York, sasa anaishi Aba kule Nigeria, na ana ualbino. Anapenda kandanda sana, lakini jua halimruhusu kukaa uwanjani, kwa hiyo hucheza usiku na kaka zake. Hapo kwenye kucheza usiku nilikifunga kitabu nikanyamaza. Shule ya msingi nilisoma darasa moja na mvulana mwenye ualbino. Saa ya michezo alikuwa akikaa chini ya mkaratusi, anatushikia sweta zetu. Miaka saba, Nekesa. Sikuwahi kumuuliza kama naye angependa kucheza. Nilidhani anapenda kivuli. Nimekuja kumwona leo, nina miaka 43, ndani ya kitabu unachosema ni cha watoto.

Na yale mambo ya chittim, unayakumbuka? Katika ulimwengu ule anaoingia Sunny, mtu akijifunza jambo jipya, pesa hizo humdondokea palepale, vipande vya metali, kwa sababu tu amejua ambalo jana hakulijua. Hakuuza kitu, hakurithi kitu. Mimi ninayehesabu karo yako kwa pakiti za mbegu niliisoma sehemu hiyo mara mbili.

Sasa nikueleze la kwangu, ambalo sijawahi kukueleza lote. Mwaka 1998 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Siku Njema ya Ken Walibora ilikuwa imetoka miaka miwili tu kabla. Bweni zima lilikuwa na nakala moja, mali ya dada mmoja wa kidato cha nne, na tulikuwa wasichana 12 kwenye foleni, kila mmoja na usiku wake. Kurasa zilikuwa zimeshonwa kwa uzi mweusi wa kushonea sare. Zamu yangu ilipofika nilijifunika blanketi gubigubi, tochi nimeiuma kwa meno, kwa sababu mkono mmoja ulishika kitabu na wa pili uliinua blanketi lisiniangukie. Asubuhi taya liliniuma hata uji sikuweza kunywa vizuri.

Kongowea, kijana wa riwaya hiyo, anatoka Tanga. Mamake, mwimbaji wa taarabu, amekufa, na kijana anafunga safari kumtafuta baba. Na baba yuko wapi? Kitale. Nilipoliona jina hilo nililisoma herufi moja moja. Kitale! Mji huu wetu wa matope na malori ya mahindi, ambao hata reli imefika ikakomea hapahapa. Mpaka usiku ule nilijua kwamba vitabuni kuna London, kuna Lagos, na tukibahatika kuna Nairobi. Sisi wasichana wa bweni lile tulikuwa na ndoto moja tu, kutoka huku. Kumbe kuna mtu ameketi akaandika safari ya kijana anayetoka baharini, anavuka mpaka, anaikata nchi nzima, na tamaa yake yote ni kufika hapa tulipochoka kukaa. Kesho yake kwenye foleni ya maji niliutazama Mlima Elgon muda mrefu. Ulikuwa palepale siku zote. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angeutamani kwa mbali.

Kasoro ya nakala ile ni kwamba kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Waliokuwa wamesoma nyingine walituhadithia, na kila mmoja alikuwa na mwisho wake. Mmoja aliapa kwamba baba alimkana mwanawe mlangoni. Mwingine akasema walikumbatiana stendi, watu wote wakasimama kutazama. Tulibishana mpaka kiranja akaja. Na wasichana wawili wa mwisho kwenye foleni hawakuisoma kabisa, kwa sababu mwalimu wa zamu aliikuta chini ya mto, akaondoka nayo, haikurudi tena. Alisema riwaya zinaharibu wasichana. Mmoja wa hao wawili aliacha shule mwaka uliofuata kwa kukosa karo. Huwa namkumbuka. Alikuwa amengoja usiku kumi.

Mwisho wenyewe niliupata mwaka 2004. Nilikuwa na mimba yako ya miezi sita, nimeenda Eldoret kuchukua mzigo wa duka, nikaiona Siku Njema mpya kwenye rafu. Niliinunua kwa pesa ya chakula cha mchana. Nikaanza kusoma kurasa zile za mwisho kabla matatu haijajaa, na tulipofika Moi's Bridge nilikuwa nimemaliza. Nikashika tumbo nikakaa hivyo mpaka Kitale. Kwa hiyo hadithi ile ulikuwepo ikiisha.

Mara ya pili riwaya hiyo kutukuta pamoja ni Aprili 2020. Shule zimefungwa kwa ajili ya korona, uko nyumbani kidato cha pili, na habari zikaja kwamba Walibora amefariki Nairobi. Ulinikuta jikoni nikilia, ukauliza kama ni mtu wa ukoo. Sikujua nikujibu nini. Alikuwa mtu tuliyemjua kwa kumwona akisoma taarifa ya habari, mtu aliyekulia upande huu wetu, na mimi binafsi alikuwa amenipa mji wangu. Nikakuletea nakala yangu ya Eldoret. Uliisoma siku mbili ukiwa umekaa kwenye ngazi ya nyuma, kisha ukaja mbio na kidole ndani ya kitabu, ukasema neno moja tu: "Mama, Kitale!"

Nakala hiyo nimeikuta chini kabisa ya sanduku. Najua hukukumbuka kama imo uliposema nigawe vyote.

Nimekuta pia Chozi la Heri ya Assumpta Matei, ile uliyofanyia mtihani. Maskini kitabu kile. Kila ukurasa umeujaza penseli: tashbihi, jazanda, kinaya, maudhui ya ukabila, maudhui ya malezi, "muktadha wa dondoo, alama 4." Sikulaumu, ndivyo mnavyofundishwa. Karatasi ya tatu, ile ya fasihi, haimuulizi mtu kama alipenda kitabu. Na najua kuna wenzako waliosoma mwongozo tu, wakaandika wasifu wa wahusika ambao hawakuwahi kukutana nao, wakapata alama zao. Lakini pale msichana Umu anapogundua kwamba Sauna, kijakazi wao, ametoweka na ndugu zake wawili, uliandika "taharuki" pembeni kama ulivyoelekezwa, halafu chini yake, kwa maandishi madogo sana, ukaandika "nimelia hapa." Nilipitisha kidole juu ya neno lile. Mwalimu hakukuagiza uliandike. Huyo msichana aliyeandika hivyo ndiye ninayemtetea katika barua hii yote.

Sisemi kwamba zote ni nzuri. Tatu kati ya zile tisa sikuzipenda, na zote tatu ni za Kiswahili, jambo lililoniuma. Ni zile ambazo msichana akitoka tu nje ya geti unajua atapata mimba ukurasa wa 40, atajuta ukurasa wa 60, na mwishoni mjomba mwenye hekima atawakusanya vijana awape nasaha. Mwandishi hakuandika kuhusu kijana. Aliandika kumtisha. Ndani ya karatasi nasikia sauti ya yule yule mwalimu wa zamu. Kijana akisoma hizo, anajua upesi kwamba mtu mzima anamwogopa, na anakiweka kitabu chini. Walibora hakumwogopa Kongowea. Alimwacha aende njia yake yote, aumie, akosee watu, na sisi tukaenda naye.

Halafu kuna hili la kuwa mtu mzima. Nimelifikiria sana. Katika hizi nilizozipenda, kijana yuko mahali ambapo hajawahi kufika, na aliokuwa akiwategemea hawapo, au wapo lakini hawajui la kumwambia. Anafanya jambo kwa mara ya kwanza na hana wa kumshika mkono. Wewe sasa uko mwaka wa tatu chuoni, unalipa kodi ya chumba kwa mara ya kwanza, na Pasaka ulikuja na uso wa mtu aliyeachwa na mpenzi, ingawa hukuniambia na mimi sikukuuliza. Nami je? Tangu uondoke, ni mara yangu ya kwanza kupika ugali wa watu wawili. Ni mara ya kwanza kusikia saa ya ukutani. Nilikuwa nimekulea kwa miaka 18 na hakuna aliyeniambia nyumba hufanyaje mtoto akishatoka. Nilipokuwa nikimsoma Sunny, anayejifunza upya yeye ni nani, sikusoma kama mama anayekagua vitabu vya bintiye. Nilisoma kwa ajili yangu.

Kwa hiyo vitabu havitoki. Nimevipanga juu ya kabati ya sebuleni, mgongo nje, wageni wavione. Ila sijavifungia. Nimechukua daftari la risiti lililobaki nusu, nikapiga mistari: jina, kitabu, siku ya kuchukua, siku ya kurudisha. Mpaka jana nina majina manne. Wa kwanza ni binti wa jirani, yule wa gredi ya nane anayeleta maziwa. Alikiona cha Sunny kaunta akauliza kama anaweza kutazama picha ya nje. Nikamwambia atazame na ya ndani. Sasa analeta maziwa mapema kuliko kawaida, anakaa kwenye gunia la mbolea robo saa nzima ananieleza kilichotokea, kana kwamba sijakisoma. Namwacha anieleze.

Juzi ameniuliza kama kuna cha pili. Nimesikia kipo, Akata Warrior, cha 2017. Huku Kitale nimekikosa. Tafadhali, ukipata nafasi Jumamosi, pita kwa wale wa inama, wauza vitabu vilivyotumika, pale mjini ukachungulie kwenye marundo yao, na kama hakipo uulize bei ya kipya dukani uniambie. Nitakutumia pesa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Ukikisoma kwanza wewe kabla ya kukituma, ni sawa, ila usiandike chochote pembeni kuhusu tashbihi.

Mtoto wa watu yuko ukurasa wa 200 na kitu. Fanya haraka.

Mamako