Wanangu mnaoanza kupanga hapa Tanga, nawaandikia habari za mkaa na maji

Wanangu,

Assalaam aleikum. Nawaandikia nyinyi mliotoka makwenu juzijuzi mkapanga Mikanjuni, Makorora, Mabawa na kwingineko hapa mjini. Kwa baadhi yenu mimi ndiye somo wenu, niliyewafunda. Wengine nawajua kwa kupita barazani kwangu mkitoka sokoni. Nina la moyoni, na nimeona nilitoe hadharani badala ya kumnong'oneza mmoja mmoja.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtazama mjukuu wangu aliyejifungua mwaka huu. Nikamkuta uani anakoka jiko, mtoto mgongoni. Kachukua chupa ya maji iliyokwisha, kaikatakata kwa kisu, vipande kavichomeka katikati ya mkaa, kapiga kiberiti. Ukapanda moshi mweusi, mzito, wenye harufu iliyonikaa kooni mpaka usiku. Na maharage aliyabandika makavu, hayakulowekwa. Saa saba mchana yako jikoni. Adhana ya magharibi inaita, bado magumu kama kokoto. Makopo mawili ya mkaa yamekwisha, akatuma mtoto wa jirani dukani akalete la tatu.

Sikumgombeza. Angejuaje, na sisi wakubwa tuliacha kuonyesha? Ndiyo maana naandika.

Nianze na kukoka moto. Plastiki ikiungua hutoa sumu, na anayeivuta kwanza ni huyo mtoto wa mgongoni. Msikokee moto chupa wala nailoni, hata siku ya mvua mkaa ukiwa umelowa. Msimu wa machungwa ya Muheza maganda msiyatupe. Yaanikeni kwenye ungo siku mbili tatu mpaka yavunjike mkononi kwa mlio. Ganda la chungwa lina mafuta, likipata kiberiti utaliona linavyorusha cheche. Matatu manne chini ya mkaa yanatosha. Makumbi ya nazi nayo yachambueni yawe kama pamba, na vifuu viwekeni akiba, maana moto wake ni mkali. Chicha wapeni kuku.

Sasa maharage, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mkaa mwingi unapokwenda. Yalowekeni tangu usiku. Asubuhi mwageni maji yale, bandikeni kwa maji mapya, mfuniko juu. Yakishaanza kutokota, yaacheni yatokote kwa nguvu nusu saa kamili. Hapo msifanye haraka, kwani maharage mekundu yasipochemka sawasawa humtapisha mtu na kumharisha. Halafu epueni bila kufunua, sufuria muiweke kwenye kapu kubwa mlilolitandika khanga mbovu chini na pembeni pote, juu mkandamize mto au blanketi. Liacheni kwa muda wa saa nne. Nendeni kazini, laleni, fanyeni mtakalo. Moto uliomo ndani ya sufuria hauna pa kutokea, kwa hiyo unaendelea kupika. Mkirudi mnalikuta harage limelainika, mnalirudisha jikoni kwa kitunguu na tui, mchezo umekwisha. Wali nao hukubali, tena haushiki ukoko. Sufuria iwe imejaa jaa, kwani iliyo nusu hupoa upesi. Nyama mimi siiweki kapuni. Ikipoa nusu nusu huharibika, na siwezi kuwaelekeza jambo nisilolifanya nyumbani kwangu.

Mwenye umeme wa uhakika na fedha kidogo ya kuanzia, nunua jiko la presha la umeme. Maharage ya familia hayamalizi uniti moja ya LUKU. Gesi nayo ni njema. Serikali imejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mwenye uwezo asingoje mwaka huo. Lakini nawajua wengi wenu mnapata ridhiki ya siku, mnanunua mkaa kwa kopo. Kapu halimtaki mtu fedha.

Mtaniuliza, bibi, mkaa wa kopo moja una nini hata utuandikie barua? Una mti ndani yake. Kwa matanuri yetu ya kufukia udongo, kilo moja ya mkaa hula kilo 5 hadi 10 za kuni, sehemu kubwa ikienda na moshi porini. Na sisi watu wa Tanga mti unatuhusu kuliko tunavyofikiri. Maji ya bombani hapa mjini yanatoka bwawa la Mabayani, na bwawa hilo linajazwa na mto Zigi, nao mto unaanzia msituni kule Amani, Usambara Mashariki. Mlima ukivuliwa miti, mvua haizami tena ardhini. Inateremka na udongo, udongo unakuja kulala bwawani. Wakati wa masika maji yanatoka mekundu, kiangazi yanapungua. Kwa hiyo anayepoteza mkaa na anayepoteza maji nawaona wanakata mti ule ule.

Basi tazameni mabomba yenu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde linajaza ndoo ya lita 20 kwa siku moja. Mpira wake wa ndani ni bei ndogo na fundi anaubadilisha kwa muda wa kunywa chai. Maji ya kuoshea mchele mwagieni mchicha. Na mvua inaponyesha mbona mnaiacha ipite? Paa la mita 5 kwa 8 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 800. Zungumzeni na mwenye nyumba, mchange mfunge gata na mtege pipa. Mvua ya mwanzo iacheni ioshe bati kwanza. Pipa lifunikwe kwa chandarua kilichokaza. Mimi mwaka mmoja nililiacha wazi, nikachungulia siku ya tatu baada ya Idi nikakuta viluwiluwi vya mbu vimejaa, ikabidi niyamwage maji yote huku ndoo zingine zikiwa tupu. Iliniuma.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini naona wengi mnakwenda sokoni mikono mitupu na kununua mfuko mbadala mwingine kila siku. Chukueni kikapu cha ukindu. Changu kimenifaa miaka, nikikikung'uta kinarudi kama kipya. Na kijana mwenye baiskeli asiione haya. Mji wetu ni tambarare na baiskeli ndiyo yake.

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani, Ngamiani, na maharage yangu yatakuwa kapuni tangu saa nne asubuhi. Njooni tuyafunue pamoja, akina baba pia. Kila mmoja aje na sufuria yenye mfuniko unaoshika na khanga mbovu mbili. Mwenye mtoto mchanga aje naye, uani kwangu hakuna moshi.

Bibi yenu,
Ngamiani, Tanga