Kupandisha miwani isiyokuwepo

Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mmoja alilalamika kwamba profesa wake huvaa soksi zisizofanana na huzungumza na ubao badala ya wanafunzi. Namsihi amvumilie. Isaac Newton, pale Cambridge, mara nyingi alikosa wasikilizaji, na msaidizi wake aliacha maandishi kwamba siku hizo alizifundisha kuta. Na chaki za Hagoromo, chapa ipendwayo mno na wanahisabati, zilipokoma kutengenezwa Japani mwaka 2015, baadhi yao vyuoni walikuwa wameshanunua maboksi ya kuwafikisha kwenye kustaafu. Watu wazima, wenye shahada tatu tatu, wanaficha chaki kabatini kama peremende! Soksi ni jambo dogo.

Mimi ni mkufunzi wa chuo cha ualimu. Kwa miaka 22 nimekaa dawati la nyuma nikikagua walimu tarajali katika mazoezi ya kufundisha, andalio la somo mkononi, magoti yakigonga meza. Huko nimejifunza kwamba vioja vya profesa huambukiza haraka kuliko elimu yake. Kijana mmoja aliingia na chaki nyuma ya sikio, na darasa lenyewe lilikuwa la ubao mweupe wa kalamu. Binti mwingine, kila alipotaja fomula, alipandisha miwani puani kwa kidole. Hana miwani. Nilijua papo hapo amefundishwa na nani.

Hayo tucheke yapite. Linalonikera ni kuuliza swali na kulijibu mwenyewe. "Moyo husukuma nini? Husukuma da...?" Darasa zima: "...mu!" Mwalimu anatabasamu, kisha kwenye tathmini anaandika kwamba somo limeeleweka. Kilichoeleweka hapo ni silabi moja.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwanachuo mmoja aliwahi kuniachia mezani karatasi yenye vijistari 61, kila kimoja "tuko pamoja?" yangu katika kipindi kimoja. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza ni mara ngapi kati ya hizo nilinyamaza ili mtu apate nafasi ya kusema hatuko pamoja. Sikukumbuka hata moja.

Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi masomo ya sayansi kwenye tepu, akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani wa sekunde 1 hivi, kisha anamrukia mwingine au anajibu mwenyewe. Walimu walipozoezwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na hata wale waliodhaniwa wazito wakaanza kuchangia. Sekunde 3 tu. Ukisimama mbele ya macho 80 zinaonekana kama robo saa, nakiri, lakini hazigharimu chaki wala kalamu.

Siku hizi nawaambia tarajali wangu wafiche mkono mgongoni na kubonyeza vidole vitatu, kimoja kimoja, kabla ya kumtaja mtu. Muhula uliopita mmoja alisahau kuhesabu kimoyomoyo. Aliuliza swali lake, akageukia dirisha, akasema "moja", na darasa lote likamwitikia: "mbili, tatu!" Nilimpa alama nzuri. Mkono ulioinuliwa baada ya hapo ulikuwa wa mtoto aliyekaa kando yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa akichora magari.

Mkufunzi wa dawati la nyuma